Kwato ya Mbele, Kushoto

Leo hakukanyaga.
Alisimama kwa miguu mitatu kando ya mkokoteni,
ule wa nne kauning'iniza
kama mtu aliyeshikishwa kikombe cha uji wa moto.

Marobota manne ya tumbaku, soko ni kesho,
na Lugembe keshafika na chuma chake:
"Bega hilo. Lichomwe."
Nyamizi hakumjibu. Aliinama, kiganja kwenye kwato:
hii baridi, hii baridi, hii baridi,
hii inawaka.

Akakata dumu katikati,
maji ya uvuguvugu, chumvi ya mawe ngumi mbili.
"Ingiza, mama. Ingiza tu."
Punda akapiga teke, dumu likaruka.
Tukachemsha mengine.

Usiku, kisu kimepita motoni, mimi nimeshika tochi.
Anakwangua kidogo, ananusa, anakwangua.
Nukta nyeusi, punje ya ufuta.
Akaifuata ndani. "Isipokuwa humu," akasema, "basi sijui."
Ikapasuka.
Maji meusi, uvundo wa yai viza,
yakamrukia hadi kiwiko,
naye akacheka kama aliyelipwa deni la zamani.

Pumba na chumvi, pindo la kanga iliyochakaa,
juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli. Kamba.

Asubuhi Lugembe alikuja mikono mitupu.
Akashika mti mmoja wa mkokoteni, mimi wa pili,
Nyamizi nyuma, anasukuma.
Mchanga wa Ussoke unameza magurudumu.
Nilipogeuka, punda alikuwa ameutua mguu,
akaunyanyua,
akautua tena,
anatutazama tunavyovuta.