Ukwapi na Utao

Tulirekodi juu ya duka la kufulia nguo,
Splott, Cardiff, chumba cha pauni arobaini kwa wiki,
na kila wimbo, ukitega sikio,
una mashine ya kukaushia ndani yake.

Mwanzoni tulipigana nayo.
Magodoro ukutani, mablanketi mlangoni.
Eirlys akashuka kumsihi Bwana Prosser
azime namba sita, ile inayonguruma.
Akajibiwa kuwa shuka za watu hazingoji muziki.
Akapanda, akaketi kwenye kinanda,
akaitafuta kwa kidole kimoja sauti ile ya chini
hadi akaipata, kasoro kidogo.
"Basi," akasema, "huyu ndiye mpiga besi wetu."
Tukalegeza nyuzi zote zimfuate namba sita.

Tuliwaambia watu: maneno ya Zuwena, sauti za Eirlys.
Si kweli.
Kiitikio cha wimbo wa pili nilikitoa mimi, nikiosha vikombe,
na mstari mnaousifu sana, ule wa ngazi na viatu, ni wake.

Nilimfundisha kuhesabu mizani kwa vidole,
minane huku, nikagonga meza, minane kule.
Nusu ya kwanza ukwapi, ya pili utao,
na kati yake pana pumzi isiyoandikwa.
"Pumzi ya nani?" akauliza.
Mwalimu wangu hakuwahi kuulizwa hilo,
au aliulizwa, nami siku hiyo sikwenda shule.

Yeye akanipa neno la kwao la manyunyu: glaw mân.
Nikaliweka mwisho wa mshororo, likagoma.
Nikalitilia irabu, kama tulivyozifanyia shati na baiskeli,
likatulia:

    Mlango ninaufunga, inapita glaumani,
    na chai nimeitenga, nusu yako i mezani

Eirlys alicheka hadi tukapoteza saa nzima.
Kicheko kimo, wimbo wa nne, dakika ya pili.

Februari akaufyeka ubeti wangu.
Mrefu mno kwa redio, alisema,
redio ipi, nikamuuliza, iliyotuita?
Nikavaa koti.
Siku kumi na nne tukatumiana mafaili bila salamu,
yeye ngoma, mimi sauti,
kama wapangaji wanaokutana kwa vyombo vichafu tu.
Siku ya kumi na tano likaja faili la sekunde nne:
namba sita inanguruma
na mtu anavuta pumzi.
Hakuna kingine.
Nililisikiliza kituo cha basi, mabasi mawili yakanipita.
Ubeti ukarudi. Nusu yake. Nusu niliifyeka mwenyewe,
na sijamwambia kuwa alisema kweli.

Mchapaji akataka kujua jina la nani litangulie.
Tukarusha sarafu.
Ikadunda, ikabingirika, ikazama katikati ya mbao za sakafu,
tukabaki tumepiga magoti, tunamulika ufa kwa simu,
wanawake wawili wazima
na peni kumi.
Tukamtumia picha ya ufa, ndilo jalada.
Majina yako nyuma, madogo, yamegusana.

Santuri mia tatu. Zimetoka mia na kumi na nne,
ukihesabu ya Bwana Prosser, asiye na cha kuichezea,
aliyeitundika juu ya mashine ya kuchenjia sarafu.
Zilizobaki nusu ziko kwenye buti ya gari la Eirlys,
nusu chini ya kitanda changu.
Nalalia utao.

Jumapili nilipeleka shuka zangu.
Namba sita wameibadilisha. Mpya, nyeupe, haisemi neno.
Nikasimama mbele yake nikiivumisha puani
sauti ile ya zamani, kasoro yake na yote,
hadi mwanamke mmoja mwenye kapu la soksi
akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia bado nusu.