Karatasi ya Vidole Vitatu

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakupanga meza Kadutu siku ya Jumamosi,
mvua ikiteremka ngazi za udongo pamoja na wanunuzi.

Mama Nsimire alipanga. Miaka kumi na mmoja.
Asali ya Nyangezi, nyeusi kidogo, yenye ukali wa maua ya mikaratusi,
ndani ya chupa za wiski alizozipata kwa waokota taka wa Nguba.
Karatasi za zamani hakuzibandua. Za nini? Chupa ni chupa.
Basi juu ya asali yake akasimama mzee wa kizungu,
ndevu nyekundu, amevaa sketi,
na mama mmoja wa kwaya akapita, akatazama,
akamvuta mwanawe mkono:
"Twende. Hapa wanauza pombe asubuhi."

Jumatatu akapanda hadi kwangu, Nyawera:
chumba kimoja, kompyuta moja, printa inayokohoa.
Akaweka chupa mezani. "Nifanyie etiketi.
Weka rangi nyingi. Weka ule mnara wa Paris.
Weka mtoto mweupe anacheka."

Nikamwuliza: huyo mtoto amewahi kufika Nyangezi?
Akaniangalia kama anayekagua mizani iliyochezewa.
Nikamwuliza: nyuki wako wanakula nini?

Hapo akavuta kiti.
Mizinga ya marehemu mumewe, moshi wa majani makavu ya mgomba,
asali ya Juni inayomwagika kama umbea,
ile ya Januari inayoshika kijiko kama mdai.
Umeme ukakatika. Akaendelea gizani.
Nami nikachora kwa penseli, simu nimeiuma kwa meno, taa yake ikiwaka.

Upana, vidole vitatu. Si zaidi:
asali nayo inataka dirisha.
Jina, lisomwe na mtu aliye juu ya pikipiki.
Mahali ilipotoka. Uzito.
Uzito wa kweli, nikasisitiza,
akakunja uso,
kisha akaenda nyumbani akaongeza kijiko katika kila chupa.
(Herufi ndogo humbana mtu kuliko hakimu.)
Rangi moja tu, kahawia, maana wino ni ghali
na maana kahawia ilikuwa kweli.

Duka moja la Ibanda likaipokea, rafu ya usawa wa macho.
Elfu nane ikawa elfu kumi na tatu.
Asali ile ile.
Nyuki hawakuambiwa chochote.

Haikupita miezi miwili. Pale Essence, chupa kumi na mbili,
sukari iliyochemshwa ikaungua,
na kahawia yangu, na herufi zangu,
hata nukta niliyoikosea wameinakili kwa heshima.
Mteja akamrudishia Mama chupa ambayo si yake
na matusi ambayo si yake.
Akaja, hakulia. "Karatasi yako imejifunza kusema uongo."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wino tu.

Jibu alikuwa nalo Ansima, bintiye, miaka kumi na miwili,
aliyechukua kalamu bila kuomba
na pembeni mwa kila karatasi akaandika siku ya kurina na namba ya mzinga.
Mwandiko wake mbaya. Saba yake ina mkia wa nge.

Sasa wanunuzi hugeuza chupa, wanatafuta mkia.

Kizuri chajiuza: ndiyo, kwa jirani
anayejua mlango wako na sauti yako.
Lakini chupa ikipanda boti kwenda Goma, Mama hapandi nayo.
Huko karatasi ndiyo inayobisha hodi,
ndiyo inayoulizwa wewe ni wa nani.

Jana amerudi. Ansima anakwenda kusoma Walungu, bweni.
"Nani ataandika saba?"
Nimekesha nikitafuta.
Kompyuta ina saba zaidi ya mia mbili, nyembamba, nene, za kulala.
Hakuna hata moja yenye mkia.