Swali la Kumi na Saba

Fomu ilikuwa na maswali themanini na manne,
imepigwa chapa Manila, karatasi nyeupe ya kuumiza macho,
nami, Rosenda Macabenta, nikaipakata
kama mtoto wa kuazima
basini, kisha kivukoni, kisha kwa miguu
hadi Samar ya ndani, mtaa wa wasuka mikeka.

Nana Osang alikuwa anasuka tangu alfajiri.
Majani ya tikog yakipigwa na jua huvunjika,
na mkeka, alisema, haujui haraka ya mgeni.
Nikasoma swali la kwanza. Akauliza: umekula?
Nikasoma la pili. Akauliza: mtoto wa nani wewe?
La tatu. Na mama yako anajua uko huku,
na viatu hivyo?

Fomu haikuacha nafasi ya kuandika hayo.

Swali la kumi na saba: Je, wewe hujitegemea?
Chagua namba, moja hadi tano.
Alicheka hadi mwaa ukamponyoka vidoleni.
"Kama nguzo ya simu?"

Jirani yake, Bering, alikuwa keshafika mlangoni
na bakuli tupu kwapani.
Hakuomba kitu. Alisifu mkeka. Alimsifu kuku.
Alizungumza mvua ya juzi kwa kirefu.
Nana Osang akalichukua bakuli, akalijaza mchele,
mazungumzo hayakukatika hata punje,
na Bering akasema hapana, hapana, huku anapokea.
Nilitafuta kisanduku cha hapana inayopokea.
Kulikuwa na Ndiyo. Kulikuwa na La.

Chuoni tulisomeshwa vitabu vilivyokuja na meli
kwamba watu wa visiwa hivi wana aibu,
maradhi ya kuinamisha uso.
Sisi tunaiita hiya. Mfasiri alipapasa gizani,
akashika nguo ya mtu mwingine:
aibu humvua mtu, haya humvisha.
Bering alikuwa amevaa haya yake asubuhi ile
kama gauni la kanisani, lililopigwa pasi.

Halafu kuna kapwa.
Hilo wamelitia kwenye orodha: "watu wengine".
Wengine ni wale, kule, nje ya ua.
Kapwa ni mwenzangu. Litazame neno:
nami nimo, nimekaa mwishoni mwake,
miguu nimeikunja ili tuenee.

Joto lilipopanda akaacha kusuka,
akanimwagia vitunguu saumu mapajani nimenye.
Sijui ilikuwa punje ya ngapi
nilipojisikia nikisema habari za baba,
aliyekwenda Jeddah kujenga hoteli za watu,
barua zake zilivyopungua ukurasa, zikawa kadi,
zikawa hela bila barua, kisha hata hela.
Sikuwa nimeulizwa.
Nana Osang hakuandika popote.
Alisogea tu, mkeka ukapata nafasi ya mtu.

Wakati wa kuaga akataka karatasi ya kufungia.
Nikampa ukurasa nilioushika, sikuchagua.
Samaki wakavu sita, wadogo, macho yamewatoka.
"Karatasi yako imara," akasema,
na hiyo ndiyo sifa pekee ambayo fomu ile ilipata.

Quezon City, ofisi ya Daktari Verzosa, feni inalia.
Data iko wapi? Sampuli ni watu wangapi?
Nikaweka furushi mezani, nikafungua.
Mafuta yalikuwa yamepenya, visanduku vimekuwa vioo.
Akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha,
na kupitia moja-hadi-tano ya swali la kumi na saba
nikaona kidole chake, upande wa pili,
na yeye, nadhani, aliona jicho langu.

Hakusema kitu. Akamega mkia wa samaki, akatafuna,
akatafuna sana.
Kisha: "Chumvi imezidi kidogo."

Nikachukua kalamu. Nikaandika hilo.