Jina la Mbwa

Asubuhi ile ya Februari kompyuta zote za shule
zilitoa kauli moja, kwa Kilatvia kibovu,
cha mgeni aliyekiokota kwenye kamusi:
Faili zenu tunazo. Mna siku sita.
Nje theluji ilidondoka polepole, haina habari.

Karani ni mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu
nimeketi kwenye dirisha linalotazama miti iliyopukutika,
nikipokea vyeti vya kuzaliwa, barua za daktari,
visingizio vya akina mama migongoni mwa bili za gesi.
Tulipoambiwa karatasi zimepitwa na wakati
nilimaliza likizo nzima nikiziingiza, kadi baada ya kadi,
Reksis amelala juu ya viatu vyangu.
Mbwa alikufa zamani. Jina lake nikaliacha mlangoni,
jina na mwaka aliozaliwa,
mlinzi asiyebweka.

Guntis wa mitambo alikuja, koti linachuruzika.
Hakunigombeza. Heri angenigombeza.
"Huanza na majina ya mbwa," alisema,
akaomba chai.

Siku ya saba wakamwaga.
Alama za hesabu, hizo nani azitake?
Walimwaga nani hula chakula cha bure,
nani angali akikojoa kitandani na miaka yake kumi na miwili,
baba wa nani yuko kifungoni,
nani alimnong'onezea mshauri, mlango umefungwa,
neno ambalo hata mto wake haujalisikia.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na haya hayakuwa hata maji yangu.

Gazeti liliita "tukio".
Redioni wataalamu walitaka nywila ndefu,
herufi kubwa, herufi ndogo, alama ya kuuliza.
Wizara ikatuma somo la dakika arobaini
na maswali kumi mwishoni. Nilipata tisa.
Lililonishinda: Taarifa za mtoto ni mali ya nani?

Alhamisi akaja Raivis.
Nilimtambua kwa masikio. Siku hizi ana ndevu,
unga umeganda kwenye mikunjo ya vidole;
huoka mkate mweusi karibu na stesheni.
Aliilaza simu mezani, kioo kikinielekea mimi.
Darasa la tatu:
Mzito wa kusoma. Asitarajiwe kufika mbali. Mama hajali.
Mawili ya kwanza ni ya mwalimu wake, marehemu sasa.
La tatu niliongeza mimi.
Kisanduku kilikuwa na nafasi.

"Mama alikuwa zamu ya usiku," alisema,
"kiwanda cha maziwa. Mlipopiga simu alikuwa amelala."
Nilingoja matusi. Niliyataka, kusema kweli,
yangenipa kitu cha kushika.
"Fomu ya kusahihisha iko wapi?"

Haipo. Hata ingekuwepo, mashine zilikuwa zimekufa,
zimepangwa ukutani kama watoto walioadhibiwa.
Nikafungua kabati, nikapata kadi tupu
ya zamani, kingo zimegeuka manjano, na kalamu.
Nikajiandaa aniambie niandike.
Akaichukua kalamu.

Aliandika taratibu, ulimi pembeni mwa mdomo.
"Kusoma nilijifunzia kwenye simu," alisema bila kuinua kichwa,
"usiku, unga ukiumuka. Kuna bibi mmoja wa Liepāja
hufundisha herufi kwa video, bure.
Miaka miwili nilimsikiliza.
Hakuniuliza jina."

Alipoondoka mlango ulibaki wazi kidogo,
baridi ikaingia na harufu ya shayiri.
Sitasema aliandika nini. Nimeanza kujifunza.
Kadi iko kwenye droo, droo ina kufuli,
ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda,
na msumari huo, Mungu anisamehe,
shule nzima inaujua.