Subana

Chanda chema huvikwa pete, wasema watu.
Cha mama kilivikwa subana ya shaba,
yenye vishimo kama uso ulioponea ndui,
na doa la kijani chini yake halikutoka hata kwa magadi.

Jikoni kwetu, Lynn, Massachusetts,
baridi iliingia kwa ufa wa mlango bila hodi.
Baba alikuwa kibandani uani, akigonga soli.
Mama alishona ngozi za juu za viatu,
chungu cha maharagwe kikijichemkia.
Jozi nne kwa siku, akibahatika.
Ya tano aliimalizia kwa kupapasa,
maana mafuta ya taa yalikuwa ghali kuliko macho.

Alhamisi walikuja wenzake,
Mehitabel Newhall, Thankful Breed na dada yake mwenye chongo.
Wote waliinamia sindano, isipokuwa mmoja:
huyo alisoma gazeti kwa sauti,
na viatu vyake wakagawana wengine.
Hivyo ndivyo habari za dunia zilivyonifikia,
zikinuka ngozi na nta.

Ndipo ikaja. Theluji ilikuwa inayeyuka.
Ikateremshwa mkokotenini, gubigubi kama mwali.
Cherehani: nyeusi, shingo ya bata mzinga, maua ya dhahabu ubavuni,
dola tano kwanza, tatu kila mwezi,
na jina la baba kwenye hati,
ingawa mguu wa kukanyaga ulikuwa wa mama.
Akaketi. Akakanyaga. Gurudumu likarudi kinyume, uzi ukakatika,
akatoa tusi ambalo sikujua kwamba analijua.
Kufika Jumamosi, jozi ishirini kwa siku.
Akaitazama mikono yake
kama mtu aliyerudishiwa chenji kupita haki yake.

Wiki mbili, labda tatu, tulikuwa matajiri wa saa.
Alilala mchana. Mara moja tu, na viatu miguuni.
Kisha Bwana Choate wa ghala akakaa naye wakapiga hesabu:
kama jozi imekuwa nyepesi, malipo yawe mazito kwa nini?
Senti zikapunguzwa, jozi zikaongezwa.
Saa tulizookoa zilirudi mlangoni
zimejitwika ngozi.

Na gazeti? Nani angelisikia?
Ta-ta-ta-ta, sahani zikicheza kabatini.
Thankful alijaribu kusoma kwa kupiga kelele, bei ya samaki wa chumvi,
akacheka, akalikunja, akaenda zake.

Nilipotimiza kumi na sita, hata kazi yenyewe ilihama nyumbani.
Ghorofa ya tatu, kiwandani kando ya reli,
mashine sitini, mvuke mmoja.
Kibanda cha baba kikawa cha kuku.
Nami nililipwa mkononi, kwa jina langu,
nikanunua kofia yenye utepe wa samawati
bila kumwomba mtu ruhusa.
Sitadanganya: niliipenda kofia ile.

Siku moja nikamwambia mama
kwamba bado nazililia Alhamisi zile.
Akainua uso. Miaka arobaini na mmoja,
na ukungu tayari machoni.
"Wewe ulikuwa unasikiliza," akasema.
"Mimi nilikuwa nashona."

Kisha akachota chumvi kwa ile subana,
kipimo chake siku hizi,
akaimwaga kwenye maharagwe.