Kwa Kila Elfu

Desemba magari ya Dar yalipanda Moshi,
yakajaza njia ya Marangu, njia ya Machame, njia ya Rombo.
Mbuzi walipanda bei, soda zikapanda bei,
na mimi Aikaeli, fundi pikipiki wa Pasua,
nikapanda bei bila kujijua.
Video ileile ya kusafisha kabureta,
simu ileile niliyoifunga kwa mpira wa tairi
juu ya kopo la rangi,
na kwa kila elfu waliotazama
wakanilipa dola moja na senti kumi.
Nikanunua seti ya spana.
Nikamwambia Shose, mke wangu: mwezi ujao tunaezeka jiko.

Mwezi ujao ulikuwa Januari.
Wenye bidhaa walishauza walichouza,
wakafunga pochi, wakaenda kuhesabu.
Watazamaji hawakupungua. Waliongezeka!
Ada za shule zimewakaba,
nani ana hela ya kumpelekea fundi?
Kila mmoja kainama uani na bisibisi yake,
mimi nikimwongoza kutoka kwenye kioo.
Elfu thelathini na mbili. Nilihesabu mara mbili.
Kwa kila elfu, senti thelathini na moja.
Dola kumi kasoro senti nane.

Shose anauza ndizi Mbuyuni, hakushangaa.
"Mkungu ni uleule," akasema, "aliyebadilika ni mnunuzi."
Kisha akacheka, akimenya:
"Ila mimi wangu namwona. Navutana naye mpaka anasonya.
Wako yuko wapi, umkamate shati?"

Sijui yuko wapi.
Najua tu anapopanga bei hanipigii simu.
Kati ya mkono wangu na tundu la petroli
anamtuma jamaa mwenye meno meupe
anayewaambia watu wabashiri mpira, watatajirika.
Sikumkaribisha. Anakaa sekunde kumi na tano,
anaondoka, ananiachia sarafu mlangoni.

Kuna mtu Norwe, hana pikipiki.
Kiswahili hakijui hata salamu.
Aliandika kwamba mlio wa spana zangu humletea usingizi.
Akisinzia huyo mmoja,
nalipwa kama wamekesha arobaini Njoro.
Simchukii. Alale salama.
Ila siku hizi naziweka spana chini taratibu,
na nikijikuta nafanya hivyo, naona haya.

Kanuti, mwanafunzi wangu, ana dawa:
"Ongea Kiingereza, fundi, bei itapanda."
Nilijaribu jioni moja.
Ulimi ulikuwa spana ya kumi na nne
kwenye nati ya kumi na mbili:
inazunguka, haikazi.
Nikafuta.

Jiko bado linavuja. Shose kahamishia mafiga
upande wa mgomba, haongei neno,
na ukimya wake nao una bei.

Juzi, saa mbili usiku, simu ikalia.
Kijana, sauti haijakomaa, anapiga kutoka Laela,
huko Sumbawanga nisikowahi kufika.
"Fundi! Imewaka! Ya baba! Ililala miezi mitano!"
Akaisogeza simu nikasikia mwenyewe,
injini ikikohoa, ikishika, ikikohoa,
na mtu mzima nyuma akisema jambo
kwa lugha nisiyoielewa, huku anacheka.

Nilitaka kumpongeza.
Nikajisikia nauliza:
"Lile tangazo pale mwanzo, uliliacha liishe?"

Akanyamaza kidogo.
"Niliruka, fundi. Bando lilikuwa linakata."

Nikanyamaza na mimi.
Injini yake ilikuwa inanguruma juu kuliko inavyotakiwa.
"Rudisha skrubu nusu mzunguko," nikamwambia.
"Taratibu.
Hapo hapo.
Usiiguse tena."