Sailensa

Mashine ya Bi Asaa Khatib, hospawa kumi na tano,
inakimbia kama imeiba.
Ukiifungulia, Fundo mpaka Wete hujamaliza hadithi umefika.
Ila ukiirudisha chini, ipumue tu,
ikae sailensa kama mashine za watu,
inakohoa mara mbili, inatikisa kichwa, inazima.

Siku ya tatu leo anaizima mbali,
anaingia bandarini kwa upondo,
abiria wanashuka maji ya kiunoni, viatu kichwani,
mwalimu wa hesabu na madaftari yake kwapani.
"Kwenda inajua," kaniambia. "Nataka ijue kukaa."

Tukaitia kwenye pipa nyuma ya kibanda,
mimi na Raya, mtoto wa dada yangu,
mwenye vidole vinavyofika pasipofika spana.
Nikaanza pale fundi anapoanza akiwa hajui:
plagi. Nyeusi, mbichi, inanuka. Nikafuta, nikarudisha.
Petroli nikaimimina kwenye chupa, nikaiweka juani,
tukangoja maji yajitenge chini. Hayakujitenga.
Raya akabinya pampu ya mkono
mpaka ikawa ngumu kama limau bichi.
Nikafungua kabureta, nikaitoa jeti ndogo,
ile ambayo tunduni mwake hata sindano ni nene,
nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli,
nikapitisha, nikapuliza, nikaielekeza juu:
nukta moja ya mbingu, safi.
Nikafunga. Nikavuta kamba.
Ikanguruma, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikageuza skrubu robo, nikairudisha nusu,
nikaigeuza tena kama mtu anayetafuta idhaa
usiku, na betri zinakwisha.
Nikaitukana. Nikamtukana na aliyeiunda,
mtu wa mbali, hata simjui.

"Mjomba, ipe moto mdogo, usiiwache."
Raya kachovya mswaki kwenye maji ya sabuni,
anapaka viungo vya mashine kimoja kimoja
kama anayempaka mtoto dawa ya upele.
Hapa, hamna. Hapa, hamna.
Alipofika pale kabureta inapoegemea injini
povu likaingia ndani.
Halikutoka. Liliingia.
Na mashine, kwa pumzi tatu, nne, ikatulia,
tuk, tuk, tuk, paka aliyeshiba;
kisha sabuni ikakauka, kikohozi kikarudi.

Upepo. Upenyo mwembamba kama unywele, unaoiba upepo.
Ikiwa mbioni haijali,
inakunywa hewa ya bahari nzima, funda la ziada halina jina.
Ikitulia, funda hilo ndilo linaloiua.

Nikafungua nati mbili. Gasketi ikatoka vipande,
ya njano, imelowa,
na juu yake herufi mbili nyekundu, B na I.
Raya akaitazama. Akanitazama.
Boksi la biskuti za Idi, mwaka jana.
Yeye mwenyewe alinishikia taa nikikata.
Na Bi Asaa nilimwandikia risiti kwa mkono huu:
gasketi, mpya, elfu kumi na tano.

Tulikata nyingine, ya karatasi yake, taratibu,
matundu nikayapima mara mbili bila kuambiwa.
Hakusema neno. Alifagia vipande vya njano
akavitia mfukoni mwake, si jaani.

Jioni Bi Asaa kaja, kasimama kwenye pipa.
Mashine inakaa.
Inakaa sana. Ilikaa hata nikasikia
mswaki ukisuguliwa kwenye ndoo,
kuku wa jirani wakigombania punje,
noti zikihesabiwa.
"Kumbe ilikuwa na nini?"
"Upepo," nikasema.
"Upepo uliingilia wapi?"

Mkono wangu ukaenda kwenye mpini
niuzungushe, ngurumo ilizibe swali.
Raya akaushika.
"Iwache, mjomba," kasema. "Ikae."